Kutoka tahajia hadi kijijini: namna ya kufuatilia asili ya jina la ukoo la Kichina

Majina matano tu, Wang, Li, Zhang, Liu na Chen, yamebeba asilimia 30.8 ya watu wote walioandikishwa China bara, kwa takwimu za Wizara ya Usalama wa Umma za mwaka 2020. Wang na Li kila moja lina watu zaidi ya milioni 100, na Zhang anawafuata kwa milioni 95 hivi. Majina 100 ya kwanza yanachukua takriban asilimia 85 ya watu wote, ingawa yanayotumika leo ni kama 6,000. Kumwambia mtu kwamba babu yake alikuwa Wang, basi, ni kumwambia jambo dogo sana. Kinachofungua njia ni vitu vitatu vikiwa pamoja: herufi yenyewe ya Kichina, lahaja ya familia na mahali ilikotoka.

Mwongozo huu unamfaa mfasiri, mwandishi wa habari, karani anayejaza fomu za wageni, mfanyabiashara anayeandikiana mikataba na watu wa Guangzhou, na hasa mjukuu wa Mchina wa Morisi, Reunion au Madagaska aliyeachiwa jina ambalo hajui linasomwaje. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Anayerukia hatua ya 6 kwa sababu hadithi za wafalme ni tamu huishia na nasaba nzuri isiyo yake.

Hatua ya 1: Jua kipande kipi ni cha ukoo

Kwa Kichina ukoo hutangulia, jina la mtu hufuata. Xi Jinping ni Bwana Xi. Yao Ming wa mpira wa kikapu ni Bwana Yao. Wanaofanya kazi ng'ambo mara nyingi hugeuza, ndiyo maana mfanyabiashara Jack Ma ni wa ukoo wa Ma. Lee Kuan Yew wa Singapore hakugeuza. Ukiwa na pasipoti ya China mkononi usibahatishe: tazama mistari ya chini inayosomwa na mashine. Maandishi yanayoanza baada ya CHN hadi kwenye alama << ndiyo ukoo, na yanayofuata ni jina la mtu, yameandikwa yakiwa yameshikana hata kama kwa Kichina ni herufi mbili.

Karibu majina yote ya ukoo ni herufi moja. Yapo machache ya herufi mbili, na haya ndiyo yanayokatwa vibaya kwenye fomu: Ouyang (欧阳), Sima (司马), Shangguan (上官), Zhuge (诸葛), Huangfu (皇甫). Ukikuta jina la herufi nne, angalia kama linaanza na mojawapo ya hayo. Kama sivyo, huenda wazazi wameunganisha koo zao mbili, au ni mwanamke wa Hong Kong aliyetanguliza ukoo wa mume: Carrie Lam, aliyeiongoza Hong Kong, kwa Kichina ni 林郑月娥, Lam wa mumewe kisha Cheng wa kwao.

China bara mke habadili jina. Mke wa Bwana Wang aliyezaliwa Li hubaki Li, na kumwandika "Bi Wang" kwenye barua ya mwaliko ni kumpa jina ambalo halimo kwenye hati yake yoyote. Mtoto kisheria huchukua ukoo wa baba au wa mama (kifungu cha 1015 cha Kanuni ya Sheria za Kiraia iliyoanza kutumika Januari 1, 2021). Kwa desturi bado ni wa baba, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja wenye koo tofauti ni jambo la nadra, lakini si kosa la karani.

Hatua ya 2: Ipate herufi

Hapa ndipo kazi nzima ilipo. Tahajia ya pinyin, yaani mfumo rasmi wa China wa kuandika matamshi kwa herufi za Kilatini, ikichapwa bila alama za toni (kupanda na kushuka kwa sauti) huchanganya koo zisizohusiana kabisa. Jiang inaweza kuwa 江, 姜 au 蒋. Yu inaweza kuwa 于, 余 au 俞. Li wa 李 na Li wa 黎 ni watu mbalimbali. Hata toni ikiandikwa haitoshi kila mara: 张 na 章 hutamkwa Zhang kwa toni ileile.

Wachina wenyewe hulitatua hili kwa kuitaja herufi kwa sehemu zake, na wewe unaweza kuuliza vilevile kwa simu: "Zhang ipi?" Jibu litakuwa *gong chang Zhang*, upinde pamoja na ndefu (张), au *li zao Zhang*, simama pamoja na mapema (章). Li wa kawaida ni *mu zi Li*, mti na mtoto (李). Chen ni *er dong Chen*, sikio na mashariki (陈). Wu ni *kou tian Wu*, mdomo na mbingu (吴). Xu mbili hutenganishwa hivi: *yan wu Xu* ni 许, na *shuang ren Xu*, yaani mwenye "watu wawili" ubavuni, ni 徐. Haya ni maelezo ya umbo tu. Ukoo wa Chen hauna habari yoyote na masikio wala mashariki, na yeyote anayekufasiria jina kwa kuvunjavunja herufi namna hiyo anakuburudisha.

Pa kuitafuta herufi kama hakuna wa kumuuliza: kitambulisho, muhuri wa kuchonga wa familia, nyuma ya picha za zamani, bahasha, cheti cha ndoa cha chama cha Wachina, jiwe la kaburi. Piga picha moja kwa moja kutoka mbele. Usinakili kwa mkono kama hujui mpangilio wa mistari, maana mstari mmoja ukipotea 王 huwa 工.

Jambo moja dogo linalosumbua watu kwenye tiketi na benki: ukoo wa Lü (吕) huandikwa LYU kwenye pasipoti za sasa, lakini hati za zamani zina LU au LV. Mtu yuleyule anaweza kuwa na tahajia mbili, na ni halali zote.

Hatua ya 3: Ukiwa na tahajia pekee, tafuta lahaja

Majina mengi yaliyotoka China kabla ya miaka ya 1950 hayakuandikwa kwa pinyin, kwa kuwa pinyin ilipitishwa mwaka 1958. Karani wa bandarini aliandika alichosikia, na alichosikia kilikuwa Kikantoni, Kihokkien, Kiteochew au Kihakka. Hivyo ukoo mmoja una sura nyingi:

陈 ni Chen, Kikantoni Chan, Kihokkien na Kiteochew Tan, Kihakka Chin.
林 ni Lin, Kikantoni Lam, Kihokkien Lim.
王 ni Wang, Kikantoni Wong, Kihokkien Ong.
黄 ni Huang; Kikantoni Wong; Kihokkien na Kiteochew Ng, Ooi au Wee.
吴 ni Wu; Kikantoni Ng; Kihokkien Goh.
张 ni Zhang, Kikantoni Cheung, Kihokkien na Kiteochew Teo au Teoh.
杨 ni Yang, Kikantoni Yeung, Kihokkien Yeo au Yeoh, kama mwigizaji Michelle Yeoh.
蔡 ni Cai, Kikantoni Choi au Tsoi, Kihokkien Chua, Taiwan Tsai.

Tazama Wong na Ng hapo juu. Wong ni Wang au Huang, na kwa tahajia peke yake hakuna awezaye kukuambia ni ipi. Lazima uione herufi. Ng lina dawa: soma jina la mtu linalofuata. Likiwa na sura ya Kikantoni (Wing, Kwok, Siu, Yuet), Ng huyo karibu hakika ni 吴. Likiwa la Kihokkien au Kiteochew (Hock, Beng, Choo, Siew), ni 黄.

Herufi q, x na zh mwanzoni mwa silabi zinakuambia hiyo ni pinyin, yaani China bara ya sasa. Hs na alama ya mkato juu, kama Hsu au Ts'ai, ni mfumo wa zamani wa Wade-Giles unaodumu Taiwan. Humo Chang ni Zhang wa pinyin, Chou ni Zhou, na Chiang wa Chiang Kai-shek ni Jiang (蒋).

Visiwa vyetu vya Bahari ya Hindi vina mtego wao. Morisi jina zima la babu aliyehamia mara nyingi lilisajiliwa kuwa jina la ukoo la wajukuu. Kwenye jina kama Li Wan Po, ukoo ni Li peke yake. Mbaya zaidi ni pale karani aliposajili jina la utani: "Ah" ni kitangulizi cha kumwita mtu kwa mazoea, si ukoo. Moilin Jean Ah-Chuen, mwanasiasa ambaye picha yake imo kwenye noti ya rupia 25 ya Morisi, kwa Kichina ni 朱梅麟. Ukoo wake ni Zhu, na hautokei popote katika tahajia ya Ah-Chuen. Anayeanza na Ah asipoteze muda kwenye kamusi. Aende moja kwa moja makaburini.

Ufilipino koo nyingi zinaishia na -co, kutokana na neno la heshima la Kihokkien kwa kaka. Indonesia serikali iliwahimiza Wachina kubadili majina mwaka 1966, na Liem (林) wengi wakawa Salim au Halim. Korea na Vietnam ni habari nyingine: Trần wa Vietnam huandikwa kwa herufi ya Chen, lakini Mvietnamu huyo si ndugu wa Chen wa Guangdong kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 4: Kagua herufi kabla ya kuitafuta

Herufi zilirahisishwa China bara miaka ya 1950. Taiwan, Hong Kong na vitabu vyote vya zamani vina umbo la kale. Andika yote mawili kwenye daftari lako: 陈 na 陳, 张 na 張, 刘 na 劉, 马 na 馬, 郑 na 鄭. Programu za kubadilisha maandishi hukosea kwenye majina hasa. Ukoo wa Fan ni 范 katika maandishi yote, lakini programu huugeuza 範. Yu wa 余 hugeuzwa 餘, Jiang wa 姜 hugeuzwa 薑 (tangawizi!), na Zhong wa 钟 anatakiwa kuwa 鍾, si 鐘 ya kengele. Ukitafuta nasaba kwa herufi iliyogeuzwa hivyo hupati kitu, kisha unadhani ukoo wako haukuandikwa.

Kuna pia koo zilizogawanyika kwa sababu ya urahisishaji wa pili wa mwaka 1977, uliofutwa mwaka 1986. Baadhi ya watu wa 萧 waliandikwa 肖, wa 傅 wakawa 付, wa 阎 wakawa 闫, na wengi hawakurudishwa. Ukikwama kwenye mojawapo, jaribu na pacha wake.

Kwa matamshi, herufi kadhaa hubadilika zikiwa za ukoo: 单 husomwa Shan, 仇 Qiu, 解 Xie, 曾 Zeng, 区 Ou, 查 Zha, na 万俟 husomwa Moqi, jambo ambalo hata Wachina wengi hukosea.

Hatua ya 5: Pima wingi kwa mahali, si kwa taifa

Takwimu ya nchi nzima haisemi sana. Wang ni wengi kaskazini. Chen ni jina la kusini: Guangdong, Fujian, Zhejiang, Hainan. Taiwan Chen ndiye wa kwanza kwa asilimia 11 hivi na Lin wa pili kwa 8, na Singapore wanaongoza wale wale kwa sura ya Tan na Lim. Huang wamejaa Guangxi, wengi wao wakiwa wa kabila la Zhuang. Kwa hiyo Chen kutoka Fujian ni wa kawaida sana pale na utahitaji kijiji ili umtofautishe; Chen kutoka kijiji cha mbali kaskazini anaweza kufuatiliwa kwa haraka zaidi, kwa kuwa wenzake ni wachache.

Uchache wa majina kwa umati mkubwa hivyo una sababu. Majina yalitulia zaidi ya miaka 2,000 iliyopita na mapya hayazaliwi ila mara chache, huku koo ndogo zikifa kila mara mstari wa wana wa kiume unapokatika. Makabila yaliyojiunga na utamaduni wa Kihan, wa kabila kubwa la Wachina, yalichukua majina yaliyokuwepo tayari badala ya kuongeza mapya. Na zama za kompyuta zimewaondoa baadhi ya wenye herufi adimu, waliobadili majina kwa sababu mashine za benki na za vitambulisho hazikuweza kuyaandika.

Usichanganye wingi na umashuhuri. Orodha ya Majina Mia ya Koo, ambayo watoto wa China waliikariri tangu enzi ya Song, huanza na Zhao, Qian, Sun, Li. Zhao ulikuwa ukoo wa wafalme wa Song na Qian wa wafalme wa Wuyue. Ndiyo itifaki hiyo, wala haihusiani na idadi ya watu.

Hatua ya 6: Sasa tafuta asili

Katika enzi ya kale ya Zhou, karne nyingi kabla ya Kristo, kulikuwa na vitu viwili. *Xing* lilikuwa jina la nasaba kubwa, na mengi ya kale yana alama ya mwanamke ndani yake: 姬, 姜, 姚, 嬴. Lilitumika hasa kuzuia ndoa za ndani. *Shi* lilikuwa la tawi, lilitokana na eneo au cheo, na liliweza kubadilika. Kufikia enzi za Qin na Han viwili hivyo vikawa kimoja. Majina mengi ya leo ni *shi* za zamani, na huangukia mafungu yafuatayo.

Dola ndogo ndilo fungu kubwa. Chen ni dola iliyokuwa Huaiyang, Henan ya leo. Huang ni dola iliyomezwa na dola kubwa ya Chu mwaka 648 KK. Wu, Song, Cai, Cao na Zheng ni hivyohivyo. Dola ilipoanguka watu walibaki na jina lake. Vyeo: Sima aliangalia farasi wa vita, Shi (史) alitunza kumbukumbu. Kazi: Tao (陶) mfinyanzi, Tu (屠) mchinjaji. Makazi: Ximen, lango la magharibi, Dongguo, ukuta wa mashariki. Jina la babu: Kong (孔) la mwanafalsafa Confucius linarudi kwa babu yake wa kale, Kongfu Jia. Wang, "mfalme", limetoka kwa wazao wa wafalme mbalimbali walioondolewa madarakani, kwa hiyo halijawahi kuwa ukoo mmoja hata siku moja.

Kisha uliza swali ambalo wengi hulikwepa: je, lilibadilishwa? Mwaka 496 mfalme Xiaowen wa Wei ya Kaskazini aliwaamuru Waxianbei, watu wa kabila lake la kaskazini, wachukue majina ya Kihan. Ukoo wake wa Tuoba ukawa Yuan, Dugu wakawa Liu. Wamanchu wa Guwalgiya wakawa Guan. Walioitwa Zhuang katika enzi ya Han walibadili kuwa Yan (严), kwa sababu jina la mfalme Ming lilikuwa Zhuang na halikuruhusiwa kutamkwa. Wengine walirejea baadaye, wengine hawakurejea. Wafalme wa Tang waligawa jina lao la Li kama zawadi kwa majemadari.

Waislamu wa Hui wana njia yao. Ma (马) wengi miongoni mwao limetokana na silabi ya jina Muhammad, hata kuna msemo kwamba katika Wahui kumi, tisa ni Ma. Zheng He, amiri ambaye merikebu zake zilifika Malindi karne ya 15, alizaliwa Ma He katika familia ya Kiislamu ya Yunnan. Zheng alipewa na mfalme Yongle mwaka 1404. Ukikuta Ma kutoka Ningxia, Gansu au Yunnan, uliza dini ya babu kabla ya kufungua habari za dola za kale.

Hadithi zinazomrudisha kila mtu kwa Mfalme wa Manjano, anayesimuliwa kuwa babu wa Wachina wote, kama ile ya Zhang aliyebuni upinde, ziandike kama hadithi.

Hatua ya 7: Jiwe la kaburi, kisha kitabu cha ukoo

Jiwe husomwa kutoka juu kwenda chini, na safu ya katikati ndiyo ya marehemu. Tuseme inasema 显考陈公, kisha jina, kisha 之墓. 显考 ni baba aliyefariki, 陈 ni ukoo, 公 ni heshima kwa mwanamume, na 之墓 ni "kaburi la". Kwa mwanamke utaona 显妣, ukoo wa mumewe, kisha ukoo wake ukifuatwa na 氏: 陈母李氏 ni mama wa nyumba ya Chen aliyezaliwa Li. Safu ya kushoto kwa kawaida hutaja watoto na wajukuu waliosimamisha jiwe.

Herufi mbili kubwa juu kabisa ndizo zinazopotosha. Huenda ni wilaya halisi, kama 梅县 (Meixian, Guangdong, chimbuko la Wahakka wengi wa Morisi). Au ni kiti cha heshima cha ukoo, yaani mahali ukoo ulikosifika tangu enzi za kale: 颍川 kwa Chen, 陇西 kwa Li, 太原 kwa Wang, 清河 kwa Zhang, 彭城 kwa Liu, 江夏 kwa Huang, 西河 kwa Lin. 颍川 iko Henan, lakini ikiwa juu ya jiwe la Chen haimaanishi kwamba babu alitoka Henan. Mtu akipanda ndege kwenda huko atapokewa vizuri na hatapata ndugu.

Ukishapata ukoo, kiti cha heshima na wilaya, tafuta kitabu cha ukoo, *jiapu*. Maktaba ya Shanghai ina hazina kubwa kuliko zote, na tovuti ya nasaba ya FamilySearch imepiga picha vitabu vingi. Kukihakikisha, tumia herufi za kizazi. Kila tawi lina shairi lake, na kila kizazi huchukua herufi moja kwa zamu kuitia kwenye majina. Shairi la Kong lina mfululizo 祥, 令, 德, 维, 垂, 佑. Kong Xiangxi, waziri wa fedha wa Jamhuri ya China, ana 祥: kizazi cha 75 tangu Confucius. Kong Decheng ana 德: kizazi cha 77. Mjukuu wake ana 垂, wa 79.

Panga majina ya babu, baba zake wadogo na binamu zao uone herufi ipi inajirudia kwa watu wa rika moja, kisha itafute kwenye shairi la kitabu ulichopata. Unahitaji vizazi viwili vinavyofuatana kwa mpangilio uleule. Kimoja kinaweza kuwa bahati. Wasichana mara nyingi hawakupewa herufi hiyo, na baada ya 1949 familia nyingi za bara ziliacha desturi, kwa hiyo tegemea waliozaliwa kabla ya hapo. Vizazi visipolingana, hicho ni kitabu cha Chen wengine. Rudi kwenye jina la kijiji uombe cha tawi la jirani.